Molekuli za uhai jikoni Lamu: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na mzazi wake

Mwaka jana nilimpelekea dada yangu Nairobi chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe hapa Lamu. Nilipoifunga chupa, mafuta yalikuwa maji kabisa, unaona hadi upande wa pili. Asubuhi ya pili akanipigia simu: "Umeniletea mafuta gani haya? Mbona yameganda kama samli?" Alidhani nimeuziwa nazi mbovu, au nimechanganya kitu.

Sikuchanganya kitu. Molekuli za mafuta ya nazi nyingi zina mikia iliyonyooka, na vitu vilivyonyooka hupangika vizuri, kama boriti za mikoko zilizolazwa ubavu kwa ubavu gatini. Likishuka joto chini ya nyuzi 24 hivi, mikia hiyo hutulia, ikashikana, na mafuta yakaganda. Lamu usiku ni nadra kufika huko. Nairobi ni kila usiku wa Julai. Mafuta ya alizeti yana mikia mingi iliyopinda, haipangiki sawasawa, ndiyo maana chupa yake hubaki maji hata kwenye baridi ya Nairobi.

Katika simu ile kuna somo zima la molekuli za uhai: umbo la molekuli ndilo linaloamua kazi yake. Ukilishika hilo, wanga, protini, mafuta na DNA havitakuwa tena orodha ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Nafundisha watoto wa sekondari masomo ya jioni, na kwa kuwa shule niliyosoma mimi haikuwa na kemikali za kutosha, nilizoea kutafuta majaribio katika vitu vilivyomo jikoni. Haya hapa ndiyo yaliyonifaa zaidi, kwa mpangilio ninaoufuata na wanafunzi wangu.

Kwanza, vifaa

Nenda duka la dawa ununue iodini ya kupaka vidonda na spiriti ya kusafishia vidonda. Spiriti chagua ile yenye asilimia kubwa kuliko zote zilizopo. Nyumbani utahitaji nazi, mbuzi ya kukunia na kifumbu, yai moja, ndimu mbili tatu, papai bichi na papai lililoiva, vipande vichache vya nyama, wali, chumvi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bilauri nne za kioo, chujio la chai na kitambaa chembamba safi. Daftari na kalamu viwe karibu tangu mwanzo, kwa sababu rangi hubadilika upesi na kumbukumbu hudanganya.

Kila jaribio liwe na bilauri ya pili usiyotia dawa, ya kulinganishia. Bila hiyo hujathibitisha kitu. Chochote kilichoguswa na iodini au spiriti kisirudi kwenye chakula. Spiriti hushika moto haraka sana, basi jiko liwe limezimwa kabla ya kuifungua.

Maji, kwa ufupi

Takriban asilimia 70 ya uzito wa seli ni maji. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, na imepinda: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Kwa hiyo maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na huyeyusha vitu vingi vyenye chaji au vinavyofanana navyo, kama chumvi na sukari. Mafuta hayana chaji hizo, maji huyasukuma pembeni. Shika hili tu, kwa maana karibu kila jaribio linalofuata linasimama juu yake.

Wanga: glukosi moja, majengo mawili

Chota maji ya wali uliochemka, yale meupe mazito, uyaache yapoe. Tia vijiko viwili kwenye bilauri, ongeza maji safi hadi nusu, kisha dondosha matone mawili ya iodini. Rangi ya kahawia ya iodini itageuka papo hapo kuwa buluu iliyokoza, karibu nyeusi. Ikikoza mno hata huoni kitu, umetia wanga mwingi: punguza, anza tena.

Hapa wengi huishia, wakaandika "kuna wanga". Wewe endelea. Iweke bilauri ndani ya sufuria ya maji ya moto, taratibu isije ikapasuka, uingoje. Buluu itafifia. Itoe, iache ipoe, na buluu itarudi, pengine si kali kama mwanzo kwa sababu iodini kidogo imetoroka na mvuke. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado watoto husogea karibu rangi inaporudi.

Sababu ni umbo. Wanga ni mnyororo wa sukari ndogo iitwayo glukosi, na kila glukosi ikiwa peke yake ni molekuli ya umbo la pete yenye kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Pete hizi zimeungana kwa pembe inayoufanya mnyororo ujizungushe kama kamba iliyozungushiwa mwiko, takriban glukosi sita kila mzunguko. Iodini huingia kwenye uwazi wa katikati, ikajipanga mstari, na mpangilio huo ndio unaotoa buluu. Joto huulegeza mzunguko, iodini ikatoka. Baridi huurudisha.

Tahadhari moja: usitie ndimu. Vitamini C iliyomo huibadilisha iodini, na buluu itapotea ukadhani wanga umekwisha.

Sasa tazama kikoi ulichovaa. Pamba yake karibu yote ni selulosi, na selulosi ni glukosi ileile. Tofauti ni kwamba kila pete ya pili imegeuzwa juu chini, basi mnyororo unanyooka badala ya kujizungusha. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba, ikashikana kwa maelfu ya vifungo vidogo vya haidrojeni, ukapata uzi. Selulosi ni sehemu kubwa ya boriti zinazobeba dari za nyumba zetu za mawe, na ya makuti pia. Wanga wa wali unauyeyusha tumboni kabla ya Alasiri, na kikoi kinafuliwa miaka. Glukosi ni hiyohiyo, kilichobadilika ni pembe ya kiungo.

Sisi hatuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi, cha kukata kiungo hicho cha selulosi. Punda naye hana, ila ana vijidudu kwenye utumbo wake mpana vinavyomfanyia kazi hiyo, ndiyo maana anaishi kwa majani makavu na bado anabeba matofali kutoka pwani hadi juu mtaani.

Kwa sukari, nenda kwa anayepika kaimati. Muulize kwa nini anakamulia ndimu kwenye shira. Atakwambia: isirudi kuwa sukari. Yuko sawa kabisa. Sukari ya mezani ni sukrosi, yaani glukosi iliyoungana na fruktozi. Asidi ya ndimu pamoja na moto huvunja sehemu ya muungano huo, na molekuli za maumbo tofauti zikichanganyika hazipangiki kuwa punje. Kwenye maabara jambo hilohilo huonekana kwa mchanganyiko wa Benedict, dawa ya kupimia sukari: sukrosi haibadilishi rangi yake mpaka uichemshe kwanza na asidi kisha uipooze makali. Mwanafunzi wa karatasi ya tatu, ile ya majaribio, ya Biolojia ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) aliyewahi kupika shira ana pa kuanzia.

Mafuta, tui na utando wa seli

Nazi hutoa tui, mafuta na chicha, nasi tunaanza na tui. Ikune nazi moja, ikamue kwa kifumbu bila maji mengi, tui zito uliweke kwenye bilauri kwa saa mbili. Juu litakaa zito jeupe, chini maji mepesi. Mafuta yamo humo, katika vitone vidogo visivyoonekana, na kila kitone kimevikwa ngozi ya protini na fosfolipidi inayokizuia kuungana na mwenzake.

Sasa lichemshe kwa moto mkali bila kukoroga. Litakatika. Mpishi yeyote wa wali wa nazi analijua hili na hulikimbia, na mpika mafuta hulitafuta. Joto limeziharibu protini za ngozi ile, vitone vimegusana vikawa kitu kimoja, mafuta yamepanda juu.

Fosfolipidi niitajayo ndiyo iliyojenga utando wa kila seli. Ina kichwa chenye chaji kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia. Ukizitupa nyingi majini hazina njia nyingine: zinajipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa nje. Hakuna fundi anayezipanga. Maji yenyewe ndiyo yanayozisukuma zikae hivyo. Utando huo una unene wa nanomita 7 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ungepanga tando elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo ukaribie unene wa unywele mmoja.

Jaribio lake ni jepesi. Bilauri ya maji, tone la mafuta ya nazi, linaelea. Tia tone la sabuni, koroga, mafuta yanatawanyika. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa na mkia, na mkia wake unaingia kwenye mafuta na kuyavunja vipande vidogo. Likumbuke tone hili la sabuni, tutalihitaji kwenye DNA.

Protini: kukunjwa ndiko kazi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nisamehe nikikaa hapa.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Zipo aina 20, kila moja ina tabia yake: hii inapenda maji, hii inayakimbia, hii ina chaji hasi, ile chanya. Mnyororo ukishatengenezwa hujikunja. Zinazokimbia maji hujificha ndani, zinazoyapenda hukaa nje, na umbo linalopatikana ndilo linaloipa protini kazi yake. Mnyororo ukikunjuka, asidi amino zote zipo bado, kazi imekwenda.

Gawa ute wa yai kwenye bilauri mbili, kisha kamulia moja ndimu nzima. Ute ni takriban asilimia 90 maji, na protini karibu asilimia 10. Baada ya dakika kadhaa utaona utando mweupe, kama moshi, ukienea katika ute uliokuwa unaona ndani yake. Asidi imevuruga chaji zilizokuwa zikizishikilia mikunjo. Protini zimekunjuka na kung'ang'aniana, mwanga haupiti tena. Samaki uliyemtia ndimu kabla ya kumkaanga hugeuka mweupe kwa sababu hiyohiyo, bila moto. Lakini usije ukadhani ameiva: ndimu hubadilisha protini, na haiui minyoo na vijidudu kama moto unavyofanya.

Pweza ni kisa kingine. Nyama yake imejaa kolajeni, protini ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya jahazi. Kila asidi amino ya tatu ndani yake ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hapana nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Ndiyo maana pweza hupigwa, kisha hupikwa kwa moto mdogo muda mrefu: msokoto unafumuka taratibu ukawa jelatini, nyama ikalainika. Mtu wa haraka huambulia kutafuna mpira.

Kwa vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha kazi, tumia papai bichi, lile wanalolitia kwenye nyama ya mishkaki. Utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachokata minyororo ya protini. Kata vipande vitatu vya nyama vyembamba, vinavyolingana. Cha kwanza kipake papai bichi lililopondwa. Cha pili kipake papai hilohilo baada ya kulichemsha dakika 15 na kulipoza. Cha tatu kiache kitupu. Ngoja saa moja na nusu, kisha bonyeza kila kimoja kwa uma. Cha kwanza uma utazama bila taabu. Cha pili kitafanana na cha tatu, maana moto umeikunjua papaini yenyewe. Nasisitiza dakika 15 kwa sababu papaini ni ngumu, inavumilia joto kuliko vimeng'enya vingi. Mwanafunzi mmoja alichemsha dakika mbili, vipande vyote viwili vikalainika, akaniambia kitabu kimekosea. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, utomvu huwasha ngozi, na nyama hiyo usiile.

Mate nayo yana kimeng'enya. Tia mate kwenye kijiko cha maji ya wali yaliyopoa, shika bilauri mkononi kwa dakika kumi ipate joto la mwili, ndipo udondoshe iodini. Buluu itakuwa hafifu au haitakuwepo. Kile kinachokata wanga hakiigusi protini, na papaini haiugusi wanga, kwa sababu kila kimeng'enya kina pango lenye umbo linaloingiana na kitu ambacho hukikata.

Sasa jambo zito. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne: miwili ya asidi amino 141, miwili ya 146. Katika mnyororo wa 146, nafasi ya sita hukaa asidi glutamiki, yenye chaji na inayopenda maji. Kwa baadhi ya watu nafasi hiyo imeshikwa na valini, inayoyakimbia maji. Basi ni hilo tu. Oksijeni ikipungua, valini hiyo hutafuta mahali pa kujificha, ikajibandika kwenye himoglobini ya jirani, na hiyo kwa nyingine, mpaka zinakuwa fimbo ndefu zinazoipinda seli nyekundu mfano wa mundu. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo. Huo ndio ugonjwa wa selimundu.

Pwani yetu ina wabebaji wengi wa chembe hii ya urithi, kwa kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na malaria imekaa nasi karne nyingi. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa mtoto mwenye ugonjwa. Nimekaa na mtoto wa jirani usiku ule maumivu yanapomshika, mama yake akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto, na tangu hapo silifundishi somo hili haraka haraka. Kipimo ni cha damu tu. Vijana wanaokaribia kuoana wapime, wazazi wawaruhusu wapime, wala pasiwe na wa kumnyooshea mwenzake kidole.

DNA: kuitoa kwenye papai

Amri ya ile valini imeandikwa kwenye DNA, ambako herufi moja imebadilika: GAG imekuwa GTG. DNA ina herufi nne, A, T, G na C, kwenye nyuzi mbili zilizosokotana. A hukaa na T, G hukaa na C, kwa sababu maumbo yao hushikana hivyo. Ukiujua uzi mmoja umeujua wa pili, na hivyo ndivyo seli inavyojinakili. RNA, molekuli ndugu ya DNA, huchukua nakala, na ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, huzisoma herufi tatu tatu, kila tatu asidi amino moja. Mwanasayansi wa Uswisi Friedrich Miescher aliipata DNA mwaka 1869 kwenye usaha wa bandeji za hospitali. Umbo lake lilieleweka mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walipojenga mfano wakisaidiwa na picha za eksirei kutoka kazi ya Rosalind Franklin.

Nachagua papai lililoiva. Ni laini, na papaini iliyobaki husaidia kukata protini zilizoifunga DNA.

1. Iweke spiriti kwenye friza, imefungwa vizuri, saa tatu au zaidi. Ikiwa vuguvugu, nyuzi hutoka chache.
2. Ponda kipande cha papai kama kiganja cha mtoto ndani ya mfuko, mpaka kiwe uji.
3. Kwenye bilauri changanya maji nusu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai na sabuni ya maji vijiko viwili. Koroga polepole, povu ni adui.
4. Mimina uji humo, geuzageuza kwa upole dakika kumi. Usipige: DNA ni ndefu, hukatika.
5. Chuja kwa kitambaa kilichotandazwa juu ya chujio. Usikamue, acha ichuruzike yenyewe.
6. Chukua vijiko vitatu vya maji hayo, bilauri uiinamishe, mimina spiriti baridi taratibu ukutani mwa bilauri, mara mbili ya maji yenyewe. Itakaa juu, safu mbili.
7. Ngoja dakika kumi bila kuitikisa.

Pale safu zinapokutana patatokea wingu jeupe, kisha nyuzi zitapanda kwenye spiriti zikiwa na viputo vidogo vimenasa. Zizungushe kwa kijiti.

Kila hatua sasa unaijua. Sabuni imevunja tando za seli na za kiini kama ilivyovunja tone la mafuta. Chumvi imefunika chaji hasi za DNA ili nyuzi zisisukumane. Spiriti imeondoa maji yaliyokuwa yakiiyeyusha DNA, nayo DNA ikalazimika kujitokeza. Nyuzi zisipotoka, mara nyingi spiriti ina maji mengi: ongeza spiriti, punguza maji ya papai, rudia.

Niseme ukweli wote: unachokiona hakijasafika. Kuna pektini ya tunda imeshikamana nayo, na kila uzi ni maelfu ya molekuli zilizofungamana. Molekuli moja ina upana wa nanomita 2, hakuna jicho litakaloiona. Lakini kwa urefu, seli moja tu ya mwili wako ina DNA ya mita mbili hivi ikinyooshwa, imekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho.

Ukitaka kuuhifadhi uzi wako, utie kwenye kichupa kidogo chenye spiriti safi, funga, andika tarehe, weka mbali na jua. Cha mwanafunzi wangu wa kwanza kipo rafuni juu ya meza yangu, uzi bado mweupe, na kila anayeingia darasani hukigeuza kwanza kabla ya kuketi.